Kipimo cha Shangazi

4 Februari

Mwanangu Kidoti,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa baba yako, ambaye goti lake la kushoto siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Sisi wazima. Tanuri linaoka vizuri upande mmoja, upande wa pili linababua, kwa hiyo kila baada ya muda naigeuza mikate kama mgonjwa kitandani. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya pipa la magunia matupu. Nimemfokea, kisha nikampa maziwa.

Usishangae kuona barua badala ya simu. Unaijua simu yangu. Mikono ina unga, naiweka spika juu ya mizani, na kila anayekuja kununua mkate anachangia mazungumzo. Hii nampa Umeme, yule dereva wa lori la unga tuliyempa jina hilo kwa sababu hajawahi kufika popote kwa wakati. Kiwanda cha unga si kiko mtaa mmoja na hospitali yenu? Ataifikisha hadi mlangoni.

Sasa, kuna mteja wangu, mwanamke mtu mzima, ameniuliza jambo nikakosa jibu. Alikoma kuona siku zake miaka mitano iliyopita. Tangu mwezi wa kumi na moja anaona damu kidogo kidogo, leo ipo, kesho haipo. Hospitali wamempiga picha ya tumbo, na sasa wanasema watamwingiza kamera kwenye mfuko wa uzazi. Nikamwambia nina mtoto wa kaka anayefanya kazi hospitali, nitamuuliza. Anataka kujua kama kuna ulazima. Ni mtu mwenye kazi nyingi.

Shangazi yako.

17 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Barua imefika, imekunjwa mara nane na ina harufu ya dizeli. Mimi mzima. Nimehamia chumba kingine, dirisha lake linatazama kamba za kuanikia nguo za nyumba nzima, kwa hiyo najua nani kanunua shuka mpya kabla hata hajazilalia. Kazini bado niko kwenye chumba cha kutakasia vifaa vya upasuaji. Mashine ya mvuke inanguruma kutwa, na joto lake linanikumbusha tanuri lako. Mwambie baba goti alifunge na kitambaa cha moto.

Kuhusu yule mteja. Mimi ni muosha vifaa, si daktari, kwa hiyo sikutaka kubahatisha. Nimemuuliza sista wa kliniki ya wanawake, mama mmoja mfupi anayetembea haraka mpaka mtu unachoka kwa kumwangalia. Alisimama, jambo ambalo halifanyi mara nyingi, akaniambia: "Mwanamke akishakoma hedhi, damu ikirudi, hata tone moja, haipuuzwi. Kwa wengi hukutwa jambo dogo. Lakini huwezi kusema ni dogo kabla hujaliona."

Kwa hiyo ulazima upo. Mwambie mteja aende. Na anisalimie shangazi yangu, maana nahisi wanalala nyumba moja na kuvaa viatu vilevile.

Kidoti wako.

1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Umekuwa mjanja, sijui umerithi kwa nani. Haya, mteja ni mimi. Sasa unajua, tusirefushe.

Daktari alinieleza, sikatai, ila alieleza kama mtu anayekimbizwa. Mimi nikawa natikisa kichwa tu kama mjusi ukutani. Nilipofika nje nikagundua kilichobaki kichwani ni neno moja, kamera. Kamera ninayoijua mimi ni ile ya mpiga picha wa harusi, ina mkanda wa kuvaa shingoni. Inapitaje? Wanakata wapi? Nitalazwa siku ngapi? Nitavua nguo mbele ya nani? Inauma? Kama inauma sema inauma, usinirembee maneno.

Tarehe niliyopewa ni ishirini na saba mwezi huu.

Baba yako asijue. Wala usimuulize habari zangu kwa kuzungukazunguka. Ana goti bovu, masikio yake hayana shida.

Shangazi yako.

11 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na asante kwa kuniambia. Sisi huku wazima. Jirani wa chumba cha pili ameanza kujifunza kupiga tarumbeta, na hatuoni dalili kwamba atafaulu.

Kamera hiyo naijua kuliko ninavyoujua mswaki wangu. Inapita mikononi mwangu mara tatu au nne kwa wiki. Ni kimrija chembamba kuliko penseli, na jicho lake la kioo ni dogo kama punje ya mtama. Naiosha kwa brashi laini, naikagua kwa lenzi, naifunga, ndipo inatakaswa. Ikiwa na ukungu kidogo tu, naianza upya. Huko kwenu pia yupo mtu wa kazi hii, na kama ni mkorofi kama mimi, usafi usikutie wasiwasi.

Ila sikuwahi kujua inachofanya ikitoka mikononi mwangu. Safari hii nilimfuata sista mpaka kwenye chumba chake cha chai, nikamuuliza maswali yako yote. Hakuna kukata, shangazi. Kimrija kinapita njia ileile anayotokea mtoto, kinavuka mlango wa kizazi, kinaingia. Kawaida kuta za mfuko wa uzazi zimelaliana kama gunia tupu, kwa hiyo wanapitisha maji safi ya chumvi ili zifunguke daktari aone kwenye skrini. Akikuta kinyama kimeota, mara nyingi anaweza kukitoa palepale, na atachukua kipande kidogo cha kupeleka maabara. Kutazama tu ni kama robo saa. Akitoa kitu, inaweza kufika nusu saa. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Maumivu: sista hakunirembea maneno, nami sikurembei. Tumbo linakaza kama siku mbaya ya hedhi. Kwa wengine ni zaidi ya hapo, kwa wengine ni kidogo tu. Uliza mapema kama watakufanyia ukiwa macho au kwa nusu kaputi. Kama ni nusu kaputi, watakupa saa ya kuacha kula na kunywa. Uitii, hata mkate wa kwanza wa siku usiuonje. Kama utakuwa macho, kula kidogo, na uulize kama umeze dawa ya maumivu mapema kabla ya kwenda. Wapelekee vidonge vyako vyote wavione, vya presha na kile cha kuzuia damu isigande. Usiache hata kimoja kwa kujiamulia mwenyewe. Vaa sketi pana, beba pedi. Utavua chini tu na utafunikwa shuka. Na hili ulishike: wakati wowote ukisema "simama", wanasimama. Huhitaji kuomba radhi.

Baadaye utaona damu kidogo siku kadhaa, hata wiki. Ukipata homa, au damu ya kujaza pedi, au uchafu wenye harufu mbaya, au tumbo kuuma vibaya, rudi haraka, usikae kungoja.

Tafuta mtu wa kukusindikiza. Nami nitakuwa nakuwaza kuanzia asubuhi.

Kidoti wako.

14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Tarehe ishirini na saba imepita, wiki ya tatu inakatika, sina neno lako. Nimepiga simu mara mbili. Mara ya kwanza alipokea mteja, akaniambia mikate imekwisha. Mara ya pili ulisema "tutaongea" ukakata.

Niandikie hata mstari mmoja.

Kidoti.

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Usitie presha. Sisi wazima, baba yako amefunga goti kama ulivyosema. Paka wadogo sasa wanakimbizana dukani.

Ile safari ya hospitali imeahirishwa. Tanuri liliharibika juma lile, fundi akaja akaondoka na kipande akisema atarudi, unawajua mafundi. Halafu barua yako Umeme aliichelewesha, nimeipata juzi tu, kwa hiyo sikuwa nimejiandaa. Nitapanga tarehe nyingine mambo yakitulia.

Huyo wa tarumbeta bado?

Shangazi yako.

3 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Umeme mwenyewe ndiye aliyeniletea barua yako. Nikamuuliza kwa nini ile ya Machi aliichelewesha. Mtu yule alikasirika mpaka akavua kofia. "Mimi? Nilimkabidhi mkononi tarehe kumi na nne! Aliisoma amesimama mlangoni, akairudia, akanipa mkate wa moto. Na tanuri gani liliharibika? Mwisho wa mwezi nilileta unga tena, lilikuwa linawaka!"

Sina hasira. Ningekuwa karibu ningekaa na wewe kimya mpaka useme. Kwa kuwa niko mbali, nauliza kwa kalamu. Nini kilitokea siku ile?

Kidoti wako.

12 Mei

Mwanangu,

Nilikwenda.

Nilifika saa moja na nusu asubuhi na sketi pana, pedi mkobani, vidonge kwenye mfuko, kila kitu kama ulivyoandika. Nikakaa kwenye benchi. Muuguzi alipotokea mlangoni na kuniita, nikasimama, nikaenda upande wa pili. Sikupitia hata getini, nilizungukia nyuma, jikoni kwao, nikatokea sokoni.

Benchi lile nimewahi kulikalia. Nilikuwa na mama yako.

Ulikuwa na miaka saba, tukakuambia ni homa. Haikuwa homa. Mama yako alitoka damu miezi minane. Aliniambia mimi peke yangu, tukikanda unga, bila kuinua macho: "Wifi, kaka yako asijue, atahangaika." Nikasema sawa. Nikamfulia, nikamwanikia ndani, nikamtafutia visingizio. Nilidhani huko ndiko kumpenda. Alipokubali kwenda, hakuweza tena kutembea bila kunishika. Daktari alipomaliza kumpima alitutazama wote wawili akasema, "Mngekuja mapema." Hakusema angekuja. Alisema mngekuja, na mimi nikiwemo. Ilikuwa saratani. Wiki sita baadaye tukamzika.

Kwa hiyo si kamera niliyoiogopa. Niliogopa kuambiwa neno lile mara ya pili, na safari hii pembeni yangu hakuna mtu.

Sasa unajua kwa nini sikuwahi kukueleza mama yako alikufa na nini. Kama hutaniandikia tena nitaelewa.

Shangazi yako.

22 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako niliisomea kazini, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mashine ikinguruma. Nilishukuru kelele zake. Sitakuficha, nilikasirika. Siku tatu sikutaka kushika kalamu. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikiogopa kila homa inayonipata.

Siku ya nne nikapiga hesabu ya umri wako wakati ule. Thelathini na tano. Hakuna aliyekuwa amekueleza lolote, huna wa kumwandikia, na umeombwa siri na mtu unayempenda. Hasira ikapungua, ikabaki huzuni tu. Huzuni naiweza.

Sasa sikiliza, maana nasema kama mwanao. Yule daktari alisema mngekuja mapema. Nenda basi. Mimi ruhusa wamenipa mwezi wa nane, usinisubiri. Nenda wiki hii uombe tarehe mpya. Waambie uliogopa ukaondoka. Sista anasema wanaoondoka ni wengi, na hakuna anayegombezwa.

Na mwambie baba. Yako, na ya mama. Mimi sitamwambia. Hiyo ni ya kwako kuitua.

Kidoti wako.

16 Juni

Mwanangu Kidoti,

Marahaba, na marahaba tena. Naandika nimekaa upande mmoja, lakini naandika.

Tarehe mpya walinipa ya kumi na mbili. Yule muuguzi alinikumbuka, akasema, "Safari hii nitasimama kwenye ule mlango wa jikoni," tukacheka.

Baba yako nilimwambia siku mbili kabla, asubuhi, akifunga mikate kwenye karatasi. Nilianza na yangu. Halafu nikamwambia ya mkewe, yote, mpaka zile nguo. Aliendelea kufunga mkate uleule, akaukunja, akaukunja, mpaka karatasi ikachanika.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba anatoka damu. Dada, nilikuwa mumewe. Niliziona nguo kwenye ndoo. Nikasema nikimuuliza nitamfedhehesha, akiwa tayari ataniambia. Nikawa nasubiri aniambie."

Kidoti, nilikaa juu ya gunia. Watu watatu ndani ya nyumba moja, kila mmoja anajua, na kila mmoja anamkinga mwenzake asijue. Tulilia pale dukani, wateja wakiwa mlangoni. Mmoja alijichukulia mkate akaacha pesa, akatufungia mlango taratibu, Mungu ambariki.

Kisha baba yako akajifuta uso akauliza, "Miadi saa ngapi?"

Alinisindikiza kavaa koti la suti. Benchi zima la wanawake likawa linamtazama. Muuguzi akamuuliza, "Wewe ni mume?" Akasema, "Mimi ni kaka, na safari hii siendi kusubiri nyumbani." Wakamsogezea nafasi. Nilipotoka nikamkuta ameshikishwa mtoto wa mtu.

Ndani ilikuwa hivi. Nilikuwa macho. Walinichoma ganzi, wakanifunika shuka, muuguzi akakaa kichwani kwangu akiniuliza namna ya kukanda unga, nikajua anachofanya lakini nikamjibu. Inauma, hukunidanganya. Mahali pamoja iliuma sana nikasema "simama". Wakasimama! Sikuamini. Daktari akatoa mkono, akangoja. Nikapumua mara tano nikasema endelea, na niliposema mimi mwenyewe, maumivu hayakuwa na ukubwa uleule.

Nikaangalia skrini. Ndani mwangu ni rangi ya waridi, kama shavu la mtoto kwa ndani. Miaka hamsini na saba tunatembea pamoja na hatujawahi kuonana. Halafu kikaonekana kinyama kimening'inia, kidogo kama ncha ya kidole, kinapepea ndani ya maji. "Huyu ndiye mgeni wako," daktari akasema. Akakitoa. Kimekwenda maabara.

Damu imebaki kidogo, homa sina. Majibu ni baada ya wiki tatu. Nasubiri, ila sisubiri peke yangu.

Shangazi yako.

7 Julai

Mwanangu,

HAKUNA SARATANI. Nimeiandika kwa herufi kubwa ili hata Umeme akichungulia ajue.

Daktari alinisomea karatasi, nikamwomba arudie, akarudia, nikamwomba tena. Mara ya tatu baba yako akasema, "Dada, mwache mtu apumue." Ni kinyama cha kawaida, hakina ubaya, kimetoka chote. Damu ikirudi siku yoyote nirudi, hata kama ni tone. Nikamwambia nitarudi na koti la kaka yangu. Nilitoka pale miguu haina uzito, nikamsalimia kila mtu barabarani, hata wasionijua wakaitikia kwa hofu.

Nyumbani tulikaa mezani mchana kutwa, duka limefungwa. Na unajua tulichokifanya? Tulimwongelea mama yako. Miaka yote hii hatujawahi, kwa sababu kila mlango wa habari zake ulikuwa unafunguka kwenye ugonjwa. Juzi tukamkuta mwenyewe. Namna alivyokuwa akifagia kwa hasira akiimba nyimbo za furaha. Namna alivyoshindwa kusimulia kichekesho hata kimoja, maana kicheko kilimfika kabla ya mwisho.

Kulikuwa na kile cha mbuzi. Mbuzi aliingia kwa kinyozi, akapanda kitini, kinyozi akamuuliza, "Nikunyoe vipi?" Mbuzi akamwambia… na hapo ndipo mama yako alipoegemea ukuta, machozi yanamtoka, anapunga mkono, basi, imekwisha. Alikianza mbele yangu labda mara hamsini. Baba yako anasema kwake ni mara mia. Hakuna kati yetu aliyewahi kusikia yule mbuzi alijibu nini. Tumejaribu kubuni mpaka giza likaingia, na hakuna jibu linalofaa.

Wewe ulikuwa mtoto wake. Alikumalizia?

Shangazi yako.

19 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mbele ya sista, tukakumbatiana kwenye korido, yeye ambaye hasimami. Nimelia nikacheka, na yule wa tarumbeta leo nimempigia makofi.

Sasa muite baba, mwambie aache anachofanya, mkae wote wawili.

Alinimalizia. Alikuwa akinisuka nywele, amenibana magotini, na mikono ikiwa na kazi hakuweza kuukimbilia ukuta, kwa hiyo alilazimika kufika mwisho. Nilidhani kila mtu anakijua.

Mbuzi alimwambia kinyozi: "Kote nyoa upendavyo. Ndevu usiguse, nimezirithi kwa mama."

Kidoti wenu.